Binti Anapoomba Chuo Ufaransa: Ukweli Kwanza, Kisha Safari



Mwaka juzi, baada ya darsa ya akina mama ya Jumamosi, mama mmoja alibaki nyuma pamoja na bintiye aliyekuwa amemaliza kidato cha nne kwa matokeo mema. Alinikabidhi karatasi mbili zilizopigwa chapa kwa Kiingereza. "Sheikh," akasema, "mwanao anaomba chuo Ufaransa. Naomba uisome barua yake, kisha umwombee dua."

Niliisoma. Ilisimulia habari za msichana aliyeanzisha jumuiya ya kulea mayatima, akachimbisha visima vitatu, na ambaye tangu utotoni hakutamani jambo ila kuiona Paris. Nikamuuliza binti, "Mwanangu, jumuiya hii iko mtaa gani, nami nipate kuichangia?" Akainamisha kichwa. "Haipo, Maalim. Ajenti amesema hivyo ndivyo wanavyotaka huko." Mama hakutamka neno. Baadaye nilikuja kujua kwamba bangili yake ya dhahabu ilikuwa imeuzwa ili yapatikane malipo ya kwanza ya ajenti huyo.

Nimeonelea kuandika juu ya jambo hili kwa sababu familia zinazoniuliza habari za masomo ya Ufaransa zinazidi kuongezeka. Wengi huuliza juu ya pesa, na wengi zaidi juu ya hijabu. Ni wachache mno wanaouliza juu ya ukweli, nao ndio msingi wa yote.

Safari isiyo ngeni

Wapo wanaodhani kwamba Muislamu kwenda Ufaransa kutafuta elimu ni uzushi wa zama zetu. Mwaka 1826, Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alipeleka kundi la wanafunzi Paris, na kijana wa Al-Azhar aitwaye Rifa'a al-Tahtawi akateuliwa kuwa imamu wao. Kazi yake ilikuwa kuwasalisha na kuwaongoza, lakini naye akajifunza Kifaransa na kusoma kama wenzake. Alikaa huko miaka mitano, akarejea na kuandika kitabu juu ya aliyoyaona: akasifu lililostahiki sifa, akakosoa lililokwenda kinyume na dini yake. Akaja kuisimamia skuli ya lugha jijini Cairo iliyoanzishwa mwaka 1835, na katika uzee wake akaandika kutetea elimu ya wasichana kama ya wavulana.

Sheikh huyu alipofika Paris alikuwa tayari anajua yeye ni nani. Hilo ndilo ninalotaka wazazi walishike, kwa kuwa, kama tutakavyoona, ndilo hasa linaloulizwa na vyuo vyenyewe.

Chuo cha mchujo ni kipi?

Ufaransa ina vyuo vikuu vya umma vinavyopokea wanafunzi wengi sana, na kando yake kuna taasisi zinazochuja waombaji kwa ukali na kuchukua wachache. Mfano mmojawapo ni Sciences Po ya Paris, iliyoasisiwa mwaka 1872, inayojulikana kwa masomo ya siasa, sheria, uchumi, historia na uhusiano wa kimataifa. Shahada yake ya kwanza huchukua miaka mitatu, na mwaka wa tatu mwanafunzi huupitisha nje ya Ufaransa.

Taasisi hiyo ina matawi katika miji kadhaa. Tawi la Menton, mji ulio kando ya bahari ya Mediterania karibu na mpaka wa Italia, hujishughulisha na Mashariki ya Kati na nchi za Mediterania, na Kiarabu hufundishwa hapo. Tawi la Reims lina programu inayohusu Afrika. Yako masomo yanayotolewa kwa Kiingereza, hivyo mtoto wa skuli zetu hafungiwi mlango kwa kutojua Kifaransa. Hata hivyo, atakayekwenda kununua mkate au kumuona daktari atakihitaji, na ni vyema aanze mapema. Alliance Française hufundisha hapa hapa Mombasa.

Muombaji mwenye cheti cha nje ya Ufaransa hutuma maombi yake kupitia tovuti ya chuo chenyewe. Hutakiwa kuwasilisha ripoti za matokeo ya miaka yake ya mwisho ya sekondari, insha ya kujieleza, barua za wanaomfahamu, na uthibitisho wa lugha. Wanaovuka hatua hiyo huitwa kwenye mahojiano. Humo muombaji huonyeshwa picha aifafanue, kisha huulizwa juu ya fikra zake na juu ya yale aliyoyaandika. Akishakubaliwa, ndipo huanza safari ya viza, na Campus France iliyo chini ya ubalozi wa Ufaransa jijini Nairobi ndiyo huelekeza wanafunzi katika taratibu hizo.

Mama mzazi, zingatia jambo hili: katika mahojiano ajenti hayupo. Mtoto aliyeandikiwa visima vitatu ataulizwa maji yake ni ya chumvi au matamu, na ulimi wake utakuwa mzito. Hata kama angepita bila kuulizwa, uongo ni uongo. Dini yetu imeharimisha hadaa katika biashara ya kibaba cha mchele, sembuse katika nafasi ya masomo ambayo mwengine aliyesema kweli ameikosa kwa sababu yako. Basi nywila na ukurasa wa maombi viwe mikononi mwa mtoto mwenyewe, na asitie saini karatasi ambayo hakuiandika wala kuisoma.

Insha aliyoiandika mwenyewe

Nilimwambia binti yule, "Iweke kando karatasi hii. Niambie, ukitoka skuli jioni hufanya nini?" Akaniambia kama mtu anayeomba radhi kwa udogo wa mambo yake. Kwa miaka mitatu alikuwa akisomesha watoto wadogo chuoni, alif kwa ijiti, baada ya alasiri. Usiku alikuwa akiandika hesabu za nyanyake anayeuza mahamri na mbaazi. Na katika chama cha akina mama wa mtaa, yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa mikutano, kwa kuwa hati yake ni nzuri.

"Umejifunza nini katika mikutano hiyo?" nikamuuliza. Hapo akainua uso. Alisema wajane wengi wa chama kile hawajui sehemu zao katika mirathi, na kwamba baadhi yao wamekaa miaka katika nyumba isiyogawanywa, wakiogopa kuuliza wasije wakaitwa wenye tamaa. Akasema anataka kusoma sheria na siasa ili afahamu kwa nini haki iliyoandikwa wazi humkosa mwenyewe.

Nikamwambia, "Hiyo ndiyo insha yako."

Aliandika kwa wiki tatu. Sikumwandikia hata sentensi moja; kazi yangu ilikuwa kuuliza. Aliponiomba barua ya kumshuhudia, mamake alipendekeza niseme amesomesha miaka mitano. Niliandika mitatu, kwani ndiyo iliyokuwa kweli, na mitatu si haba.

Karo, riba na akaunti ya kuazima

Mzazi afahamu kwamba kukubaliwa ni jambo moja na kulipiwa ni jambo jengine. Kwa wanafunzi wasiotoka Jumuiya ya Ulaya, karo ya Sciences Po huzidi euro 10,000 kwa mwaka. Chuo hicho kina ufadhili uliopewa jina la muasisi wake, Émile Boutmy, kwa wanafunzi wa nje ya Jumuiya hiyo, lakini si kila anayekubaliwa huupata. Vyuo vikuu vya umma ni nafuu zaidi: mwaka 2019 serikali ilipanga karo ya wageni kuwa euro 2,770 kwa mwaka kwa shahada ya kwanza na euro 3,770 kwa shahada ya uzamili. Viwango hivyo vimekuwa vikipanda kidogo kidogo, na vipo vyuo vinavyowapunguzia wanafunzi wao.

Tena kuna viza. Mwanafunzi hutakiwa kuonyesha kwamba ana uwezo wa kujikimu, na kipimo kilichozoeleka ni euro 615 kwa kila mwezi. Hapa huingia hila inayojulikana mitaani: jamaa hukusanya pesa za kuazima, zikakaa katika akaunti hadi taarifa ya benki itolewe, kisha kila mtu akachukua chake. Wanaita "kupamba akaunti". Huo ni ushahidi wa uongo, na anayeumia ni mtoto atakayejikuta katika baridi ya Januari hana kodi ya chumba. Na mkopo wa riba hauwi halali kwa kuwa umechukuliwa kwa nia njema ya masomo.

Hijabu, safari na sala

Wengi huchanganya sheria za Ufaransa. Sheria ya mwaka 2004 inayokataza alama za wazi za dini huwahusu wanafunzi wa skuli za umma za msingi na sekondari. Haiwahusu wanafunzi wa vyuo vikuu, ambao wanaruhusiwa kuvaa mtandio darasani. Sheria ya mwaka 2010 hukataza kufunika uso mahali pa umma, kwa hivyo avaaye nikabu alijue hilo kabla ya safari. Na anayeajiriwa katika utumishi wa umma hutakiwa asionyeshe alama ya dini akiwa kazini. Haya ni ya sheria. Ama macho ya watu na maneno ya njiani, hayo huhitaji moyo uliotulia, na binti aambiwe mapema.

Asitarajie chumba cha sala chuoni, kwa kuwa taasisi za umma huko hujitenga na mambo ya dini. Wakati wa kiangazi Isha huchelewa mno, na mwezi Desemba Adhuhuri na Alasiri hukaribiana, basi ajipangie ratiba yake. Paris ina Msikiti Mkuu uliofunguliwa mwaka 1926, na misikiti mingine ipo katika miji mingi.

Ama mwanamke kusafiri bila maharimu, wanavyuoni wamekhitilafiana. Wapo wanaoshikilia kwamba haijuzu, na wapo wa zama zetu wanaoruhusu panapokuwa na amani ya njia, makao salama na ridhaa ya walii. Sitatoa fatwa ya jumla katika gazeti. Kila familia iende kwa mwanachuoni wake na hali yake ilivyo: binti ana umri gani, atakaa na nani, nani ataitika simu yake usiku wa manane. Suala hili liulizwe kabla ya kuomba chuo, si baada ya tiketi kukatwa.

Barua ilipokuja

Binti yule aliitwa katika mahojiano na chuo kimoja cha mchujo, akapata nafasi. Nyumba nzima ilisoma maulidi ya furaha. Wiki chache baadaye ikaja barua ya pili: hakupata ufadhili.

Wakakaa shura, nami nikaalikwa. Mjomba mmoja, kwa mapenzi tu, alipendekeza kiwanja cha marehemu babu kiwekwe rehani benki. Kiwanja hicho kilikuwa hakijagawanywa, na ndani yake mlikuwa na haki za shangazi wawili waliokuwa wamekaa pale kimya. Kabla sijafungua kinywa, binti akasema kwa adabu, "Mjomba, niliandika kwenye barua yangu kwamba nataka kuwatetea wanaokosa mirathi. Nitaanzaje kwa kula ya shangazi zangu?"

Mamake alilia. Mimi pia nilihuzunika, kwa kuwa nafasi ile ilikuwa ya haki yake. Ajenti hajarudisha hata shilingi, na bangili haijarudi mkononi. Lakini binti leo anasoma sheria katika chuo kikuu cha hapa nchini, na jioni anajifunza Kifaransa, akitaraji kuomba tena atakapofikia shahada ya uzamili. Watoto wa chuoni bado wanamsubiri kila Jumamosi. Shangazi wawili wale nao wameshapeleka shauri lao kwa kadhi, na aliyewaandikia hati ni yeye.

Ndugu mzazi, mwanao akitaka kuomba chuo cha mbali, usimvunje moyo na usimuuzie dhahabu yako mtu wa njiani. Kaa naye umuulize amefanya nini, amesoma nini, anataka kumfaa nani. Mfunge ngamia wako kwanza: hesabu ya pesa, makao, hukumu ya safari. Kisha sali istikhara, na umuachie Mola aliye Mjuzi wa yaliyo mbele. Akipewa, ashukuru. Akikoseshwa, asione haya, kwa kuwa aliyeomba kwa ukweli hakupoteza kitu ambacho uongo ungempa.

Wabillahi tawfiq.