KADI ISIYO NA ADA NA SAFARI YA KURUDI NGUMI

Safari ya kutoka London hadi kisiwa cha Ngumi ina hatua nyingi. Msafiri hupanda ndege hadi Istanbul, ambako shirika la Turkish Airlines lilianzisha safari za Mogadishu mnamo Machi 2012. Kutoka Mogadishu hupanda ndege nyingine hadi Kismayu, kisha huingia chomboni kuelekea kusini, viliko visiwa vya Wabajuni. Vita vya 1991 viliwatawanya wengi wa watu wa visiwa hivyo hadi Mombasa, Uingereza na Marekani, na kizuizi kikubwa cha kurudi kuwaona wazee ni nauli.

Basi, ndugu askari na polisi, jamaa yako aliye ng'ambo akikupigia simu kusema kwamba amepata kadi ya mkopo isiyo na ada ya mwaka, na kwamba pointi zake ndizo zitakazomleta nyumbani, je, umpongeze au umwonye? Sisi twaona yafaa kufanya yote mawili, na sababu ni hizi.

Desturi ya kumtunza msafiri si ngeni. Shirika la American Airlines lilianzisha mpango wake wa maili tarehe 1 Mei 1981. Kadi ya Discover, iliyotolewa Marekani mwaka 1986, haikutoza ada ya mwaka, na ilimrudishia mteja sehemu ndogo ya fedha alizotumia. Tangu hapo benki nyingi zimefuata njia hiyo.

Pointi hizo hazitoki mbinguni. Kila mteja anapolipa kwa kadi, mwenye duka hukatwa sehemu ya mauzo yake, na benki humgawia mteja kidogo katika makato hayo. Ndiyo maana tunzo za Ulaya ni hafifu kuliko za Marekani: sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 iliweka ukomo wa asilimia 0.3 kwa makato ya kadi za mkopo yanayokwenda kwa benki ya mteja, na Uingereza imebaki na ukomo huo kwa malipo ya ndani ya nchi.

Tupige hesabu. Tuseme kadi hurudisha asilimia 1, na mwenye kadi hutumia dola 500 kila mwezi kwa chakula na mafuta ambayo angeyanunua vyovyote vile. Kwa mwaka atapata thamani ya dola 60, na kwa miaka 5, dola 300. Hiyo si tiketi nzima, lakini ni sehemu ya tiketi, nayo imepatikana bila kulipa ada.

Sasa tutazame upande wa pili. Mtu huyo akibaki na deni la dola 1,000 mwaka mzima, kwa riba ya asilimia 20, atalipa dola 200. Pointi alizopata kwa dola 1,000 hizo zina thamani ya dola 10. Amepoteza mara 20 ya alichochuma, mbali na kwamba riba yenyewe ni haramu kwa Mwislamu. Tena, kadi nyingi za namna hii hutoza kama asilimia 3 zinapotumiwa katika nchi nyingine. Akilipia hoteli Mombasa kwa kadi hiyo, hupata 1 na kutoa 3. Hata tiketi ya pointi huwa na kodi za kulipwa taslimu, na pointi zisipotumiwa huweza kufutwa.

Kwa wenzetu wa majeshi ya Marekani kuna jambo la kutajwa. Sheria ya mwaka 2003 huzuia riba isizidi asilimia 6 kwa madeni ambayo askari aliyachukua kabla ya kuingia kazini, na baadhi ya benki huwasamehe askari walio kazini hata ada ya kadi za gharama kubwa. Mwenye jamaa katika jeshi hilo na amkumbushe kuuliza.

Nasi tulio nyumbani tusione wivu. Malipo yetu mengi hupita katika simu, na kadi nyingi za benki zetu hutumia fedha zetu wenyewe wala si mkopo. Pointi ni haba, lakini hatulali na deni.

Mfunze basi jamaa yako nidhamu ya askari: ainunulie kadi yale tu aliyokwisha kuyapangia fedha, alipe hesabu yote kila mwezi kabla ya siku yake, wala asimpe mtu nambari yake ya siri. Tena atenge fedha taslimu za nahodha, kwani pwani ya Kismayu pointi hazipandishi mtu chomboni. Akifanya hivyo, atafika Ngumi akiwa na mzigo wa zawadi, bila mzigo wa deni.