Ada ya Mkutano: Nani Alipe, Nani Asaidiwe?



Kila tawi linapotaka kuitisha semina, swali la kwanza huwa ni fedha. Kila mjumbe atoe kiasi gani? Na yule asiye na kitu afanyeje? Swali hili si letu peke yetu. Safari hii tutazame jinsi linavyotatuliwa na watu wa kazi nyingine kabisa, yaani wale wanaotengeneza programu za kompyuta kwa kujitolea.

WATU HAWA NI NANI?

Programu ni maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye nini. Nyingi huuzwa na makampuni. Lakini zipo zinazoitwa programu huria, ambazo mtu yeyote aruhusiwa kuzitumia, kuzisoma, kuzirekebisha na kumpa mwenzake. Mojawapo ni Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, aliyekuwa mwanafunzi huko Marekani. Watengenezaji wake wametawanyika katika nchi nyingi. Wengine wameajiriwa na makampuni yenye fedha, wengine ni wanafunzi, wengine hawana ajira. Kwa muda mwingi wa mwaka huandikiana tu kwa kompyuta. Kisha hukutana ana kwa ana katika mkutano uitwao DebConf. Wa kwanza ulifanyika Bordeaux, Ufaransa, mwaka 2000, na mwaka 2016 ulikuja Cape Town, Afrika Kusini.

Basi hebu fikiri. Chumba kimoja kina mtu aliyelipiwa na kampuni yake, na kijana aliyekuja kwa nauli ya kuungaunga. Wote wawili wamefanya kazi ileile. Ada ipangweje?

NJIA TATU

Njia ya kwanza ni kutotoza kitu mlangoni. Mkutano wa FOSDEM, ambao hufanyika kila mwaka mjini Brussels, Ubelgiji, hauna ada wala kujiandikisha. Gharama hutoka kwa wafadhili, michango na mauzo ya fulana. Ni jambo jema, na maelfu huingia. Lakini nauli na malazi kila mtu hujitafutia. Anayekaa karibu huja kwa treni. Anayekaa mbali hubaki kwao, ingawa mlango u wazi.

Njia ya pili ni kila mtu kulipa. Mkutano wa PyCon wa Marekani, wa watumiaji wa lugha ya kompyuta iitwayo Python, hufuata kanuni hiyo: hata wasemaji na waandaaji hulipa. Lakini hawalipi sawa. Anayelipiwa na kampuni hutozwa zaidi, anayejilipia hutozwa chini yake, mwanafunzi chini zaidi. Tena uko mfuko wa kuwasaidia wasioweza.

Njia ya tatu ni ya DebConf. Anayetaka huingia bure. Mwenye kipato huombwa achague daraja la kulipa, na anayetumwa na kampuni daraja la juu zaidi. Asiyeweza huomba msaada wa chakula, malazi au nauli, kila kimoja peke yake.

TUFANYE HESABU

Tuseme semina ina watu 100. Ukumbi ni shilingi milioni 2, wakija wengi au wachache. Chakula na malazi ni shilingi 40,000 kwa kila mtu, yaani milioni 4. Jumla milioni 6. Tukigawa sawasawa, kila mmoja atoe 60,000. Msimamizi atatoa, kibarua wa shambani hatakuja. Nasi tutasema kwamba vibarua hawapendi semina!

Sasa tugawe kwa uwezo. Watu 20 wanaolipiwa na ofisi zao watoe 150,000 kila mmoja: milioni 3. Watu 40 wajilipie 50,000: milioni 2. Waliobaki 40 wasitoe kitu. Imepungua milioni 1. Ongeza nauli ya 40,000 kwa watu 15 watokao mbali, ambayo ni 600,000. Kwa hiyo cha kutafutwa kwa mfuko au wafadhili ni 1,600,000. Kiasi hiki kijulikane kabla ya kutangaza ada, kisigunduliwe siku ya kulipa mpishi.

MSAADA UNA KANUNI ZAKE

Kwanza, uwe na tarehe ya mwisho ya kuomba, na wachache walioteuliwa waamue kwa vipimo vinavyojulikana. DebConf hutazama mambo mawili: kazi ambayo mwombaji ameifanya, na shida aliyo nayo. Huulizwa pia kama ataweza kuja asipopata msaada wote. Swali hilo huokoa fedha nyingi, kwani wapo wanaohitaji nusu tu.

Pili, fedha ifike kabla ya safari. Katika DebConf nauli kwa kawaida hurudishwa baadaye, mtu akionyesha risiti. Mwenye akiba hilo halimsumbui. Lakini mchuma chai atakopa kwa nani? Hapa sisi tusiwaige. Tawi likate tiketi lenyewe. Tena likumbuke ujira wa siku ambazo mjumbe hakwenda kazini. Kwa kibarua, huo nao ni gharama ya semina.

Tatu, aliyepewa nafasi athibitishe kwamba atakuja. Nafasi ya bure iliyoachwa wazi ni sahani iliyopikwa bila mlaji, na mwenzake amekosa.

Nne, asiyelipa asitambulike. Beji iwe moja, meza iwe moja.

Tano, tujihadhari na mfadhili. Katika mikutano ya kompyuta, makampuni hutoa fedha na majina yao hutundikwa ukumbini. Kwao madhara ni madogo. Sisi mfadhili akiwa mwajiri, kesho atataka kujua nani aliyehudhuria, nani aliyesema nini. Mchango wa namna hiyo ni afadhali tule ugali na maharage kuliko kuupokea.

YAMEFIKA KARIBU

Mambo haya hayako Ulaya tu. Watumiaji wa Django, chombo cha kutengenezea kurasa za intaneti, walifanya mkutano wao wa Afrika Zanzibar mwaka 2023 na Arusha mwaka 2025. Vijana wetu walio kwenye karakana na maofisi ya viwanda waulizie misaada ya kuhudhuria, wala wasiogope bei iliyoandikwa juu.

Nasi katika kikao kijacho cha tawi, kabla ya kupitisha ada ya semina, mwanachama asimame aulize mambo matatu: Gharama zote ni kiasi gani? Nani atashindwa kuja kwa ada hii? Na fedha ya kumleta iko wapi? Katibu asipokuwa na majibu, ada isipitishwe siku hiyo.