Ntemi, Nsumba Ntale na Bosi

Mjini Bariadi mtu huitwa bosi bila kuwa na mfanyakazi hata mmoja. Dereva wa bodaboda humwita hivyo abiria wake, muuza duka humwita hivyo mteja, kondakta naye ana tajiri wake, na yeyote anayeshika kipaza sauti mkutanoni ni mheshimiwa. Majina ya ukubwa hugawiwa bure mjini. Ukitoka uelekee Dutwa au Nkololo, ukakaa na wazee wanaozungumza Kisukuma, mambo ni tofauti. Huko kila jina la ukubwa limefungwa na kazi, na anayelibeba anadaiwa kazi hiyo.

Kubwa kuliko yote ni ntemi. Wazee hulihusisha na kutema, yaani kukata: aliyekata msitu kwanza watu wakapata pa kulima, ndiye pia anayekata mashauri yao. Wakazi wa Bariadi bado huitwa Wanyantuzu kutokana na utemi wa Ntuzu, ingawa utemi wenyewe kama mamlaka ya serikali ulikoma zamani. Ntemi hakujitangaza. Walikuwapo banang'oma, wazee wa baraza lake, ambao ndio waliomchagua na kumsimika, na desturi ya kale ilikuwa kumtafuta miongoni mwa watoto wa dada katika ukoo wa kitemi, si miongoni mwa watoto wake mwenyewe. Hans Cory, aliyeandika kitabu kizima kuhusu ntemi mwaka 1951, alieleza kwa kirefu maziko, uchaguzi na usimikaji wa watawala hao. Lakini kilichombana ntemi zaidi ya ibada zote ni mvua. Mvua ikikataa, watu walimuuliza yeye, na ukame ukizidi angeweza kuondolewa.

Ukoloni ulimgeuza mtu huyo kuwa mwajiriwa. Akapewa mshahara, akakusanya kodi, akawajibika kwa mkuu wa wilaya kuliko kwa wakulima wake. Kwa hiyo sheria ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, iliondoa cheo ambacho tayari kilikuwa kimeliwa na ofisi.

Hata hivyo, jina halikufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wizi wa mifugo na ujambazi wa silaha uliwachosha wafugaji na wakulima wa Shinyanga, mkoa ambao Bariadi ilikuwa ndani yake wakati huo. Wakaunda sungusungu, vikundi vyao vya ulinzi. Hakuna afisa aliyewafundisha vyeo vya kutumia. Mkuu wakamwita ntemi, msaidizi wake ntwale, kisha wakaongeza katibu na kamanda. Vyeo viwili vilitoka kwa mababu, kimoja kilijulikana kwenye ofisi za chama, kingine kambini. Naona hapo akili kubwa ya watu wa kawaida: walichukua kutoka kila utawala waliowahi kuuona kile tu walichokihitaji, wakamweka juu ya wote yule aliyetajwa kwa lugha ya nyumbani.

Ntemi wa sungusungu huchaguliwa na wanakijiji, hana mshahara, na hukaa miongoni mwao. Ikipigwa mwano, kelele ya hatari, wanaume hutoka na pinde na mishale, na asiyetoka hutozwa faini. Akikataa kulipa, jamii humtenga: hasalimiwi, haombwi wala hapewi moto, na msiba wake hauhudhuriwi. Adhabu hiyo huuma kuliko rungu. Mwaka 1989 Bunge lilipitisha sheria ya kuwatambua walinzi hawa wa jadi. Nguvu yenyewe ilikuwa na upande wa giza, na ni lazima usemwe: katika baadhi ya maeneo watuhumiwa walipigwa hadi kufa, na wanawake wazee walisakwa kwa tuhuma za uchawi. Jina la heshima halikuwalinda watu hao.

Si Wasukuma pekee wenye majina mengi ya mkubwa; Warusi nao wanayo. Wa ofisini ni nachalnik. Mwenye nyumba au mali ni khozyain. Anayeongoza umma ni vozhd, na Stalin aliitwa kwa majina haya mawili ya mwisho. Kumwita mtawala mwenye mali kungekuwa jambo geni kwa wazee wa Ntuzu. Ntemi alipewa watu awalinde. Hakuwamiliki.

Kati ya wakubwa wa Kisukuma, ninayemhurumia kwa kusahauliwa ni nsumba ntale, mkubwa wa vijana. Huyu hakuhitaji ukoo wa kitemi. Aliwaongoza vijana wa kijiji kwenda kulima shamba la huyu leo na la yule kesho, akaamua nani ameshindwa kufika bila sababu, akapokea faini na kusimamia chakula na pombe ya siku hiyo. Mkubwa huyu alishika jembe pamoja na wenzake. Plau ya ng'ombe na fedha ya pamba vimepunguza haja ya kikundi chake, na leo mwenye ekari nyingi hukodi vibarua, ambao humwita bosi kwa sababu ndiye anayelipa.

Mtaani, kwa upande wake, Kiswahili kimemgeuza ntemi kuwa mtemi, yaani mbabe. Mwanafunzi anayewaonea wenzake "anajifanya mtemi". Wakati huohuo, tarehe 8 Septemba 2021, machifu waliokutana Kisesa, Magu, walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Chifu Hangaya, nyota ing'aayo. Jina moja la ukubwa limeshuka hadi uwanja wa shule, na heshima yake imepanda hadi Ikulu.

Panapobaki uongozi wa kale kwa ukamilifu ni kwenye mbina, ngoma za baada ya mavuno. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hucheza wakati mmoja, kila upande na manju wake, kiongozi wa ngoma, na watazamaji huhama wanavyotaka kati ya pande hizo mbili. Hakuna jaji. Manju aliyebaki na umati mkubwa zaidi ndiye mshindi, na kesho yake huanza tena kuutafuta.