PLAMU KAVU NA UGONJWA WA KUFUNGA CHOO

Kuna ugonjwa ambao watu wengi huona haya kuutaja. Ni ugonjwa wa kufunga choo. Mgonjwa hukaa siku tatu au zaidi bila kupata choo. Akipata, choo ni kigumu. Hujikamua sana na huumia. Akiendelea hivyo, anaweza kupata bawasiri.

Tangu zamani tunda moja limesifiwa kwa kulainisha choo. Tunda hilo ni plamu. Hustawi mahali penye baridi. Nchini Tanzania hulimwa katika milima ya Lushoto. Plamu ikikaushwa hunywea na kuwa nyeusi. Haiozi upesi.

Je, sifa hiyo ni ya kweli? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walilipima jambo hili. Walitangaza matokeo mwaka 2011. Walichukua watu 40 wenye ugonjwa huu. Kwa majuma matatu kila mtu alikula gramu 50 za plamu kavu, mara mbili kwa siku. Gramu 50 ni kama plamu tano au sita. Kwa majuma mengine matatu alitumia dawa ya unga wa maganda ya mbegu. Wengine walianza na plamu, wengine walianza na dawa. Walipokula plamu, walipata choo mara nyingi zaidi. Tena choo kilikuwa laini zaidi.

Sababu ni nini? Plamu ina nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi hushika maji, na choo huwa laini. Plamu ina pia sukari iitwayo sorbitoli. Sukari hii huvuta maji na kuyaingiza utumboni.

Kama huna plamu, usihuzunike. Nyuzinyuzi zimo pia katika mapera, mapapai, maharage, mchicha na unga wa dona. Kula vyakula hivi kila siku. Kunywa maji ya kutosha. Anza kidogo kidogo, maana ukizidisha ghafla tumbo litajaa gesi.

Lakini kumbuka, tunda si daktari. Ukiona damu chooni, ukikonda bila sababu, au tumbo likivimba na kuuma sana, usione haya. Nenda zahanati mapema.

MASWALI
1. Kwa nini plamu kavu hulainisha choo?
2. Taja vyakula vitatu vya kwenu vyenye nyuzinyuzi.
3. Mgonjwa aende zahanati akiona dalili gani?