Mashua Kuukuu, Vipuri vya Katwe

Agosti 1878, dhoruba ya Ziwa Viktoria iliitupa mashua Daisy kwenye ufuko wa magharibi, upande wa Bukoba ya leo. Ndani yake walikuwamo wamisionari wawili wa shirika la CMS, Alexander Mackay na Charles Wilson, wakitoka Kageyi, kusini mwa ziwa, kwenda kwa Kabaka Muteesa wa Kwanza wa Buganda. Mackay alikuwa mhandisi kutoka Uskoti, na ilikuwa bahati yao, maana chombo kilivunjika omo na tezi, na ili kupata vipuri vyake ingebidi waandike barua Uingereza.

Daisy haikuwa nzima hata kabla ya dhoruba. Ilibebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, ikaungwa ziwani mwaka 1877. Mackay alipofika Kageyi Juni 1878 aliikuta imechakaa, na mali ya misheni imerundikwa ovyo: vyuma vya mashine, vitabu, mabomba, mbegu za bustani, nguo. Siku kumi zilimwishia katika kupanga tu, kipande kwa kipande, hadi akajua ana nini na amekosa nini.

Pale ufukoni hakutafuta mbao mpya. Alikata futi nane, karibu mita mbili na nusu, katikati ya mashua, akasogeza omo na tezi zikutane, na mbao za kile kipande cha kati akazitumia kuziba matundu ya huku na huku. Mwenyewe alifananisha kazi hiyo na kushona viatu vifupi kutokana na buti ndefu. Wiki nane zilipita kabla Daisy, sasa fupi, kushushwa majini tena. Novemba waliingia Buganda, na Mackay akaweka karakana yake Nateete. Humo ndimo alimofanyia hata kazi asizozitarajia, likiwamo jeneza kubwa la Namasole Muganzirwazza, mama yake Kabaka, mwaka 1882.

Anayetaka kufufua mashua ndogo ya tanga Kampala leo yuko katika hali isiyo mbali sana na ile. Klabu ya Victoria Nyanza Sailing Club iko Kaazi, kusini mwa jiji, lakini mtaa wa maduka ya vifaa vya tanga haupo. Puli ndogo, kipini cha usukani, hata kizibo cha plastiki huagizwa nje, na mara nyingi nauli na ushuru hushinda bei ya kitu chenyewe. Ndiyo maana swali la kwanza si wapi pa kununua. Ni kipi kilichopo kinachoweza kugeuzwa, na kipi mashua inaweza kuishi bila kuwa nacho.

Kabla ya hapo, lazima ijulikane ni mashua ya aina gani. Nyingi za mashua hizi ndogo zilitengenezwa kwa kipimo kimoja ili zishindane kwa haki, kwa hiyo urefu wa mlingoti, umbo la usukani na ukubwa wa tanga vimeandikwa mahali. Laser, iliyobuniwa na Bruce Kirby wa Kanada, ina mita 4.2 na bodi lake tupu lina kilo 59. Zimeundwa zaidi ya 200,000. Mirror, iliyotoka mwaka 1963 kwa jina la gazeti la Uingereza, ilikusudiwa kuundwa nyumbani: vipande vya plaiwudi hushonwa kwa nyaya za shaba, kisha viungo hufunikwa kwa utepe wa faiba na gundi. Mwenye Mirror iliyopoteza nusu ya vipande vyake ana raha kuliko anavyodhani. Kila kilichokosekana kilikusudiwa kuungwa na mtu asiye fundi, nyumbani kwake.

Halafu bodi lenyewe. La mbao hugongwa taratibu kwa mpini wa bisibisi, kuanzia mkuku kwenda pembeni. Mbao nzima hujibu kwa mlio mkavu; iliyooza hutoa sauti nzito, na ncha ya bisibisi huzama. Pembe za ndani, maji ya mvua yanapotuama, ndizo za kushukiwa kwanza. Ziwa hili ni la maji baridi, kwa hiyo chumvi haimsumbui mtu, lakini mvua, mchwa na jua la ikweta hufanya kazi ya chumvi bila kuombwa.

Bodi la faiba hupimwa kwanza kwa mizani. Laser yenye kilo 70 badala ya 59 imekunywa maji. Kisha hupakwa povu la sabuni kwenye viungio na kupulizwa hewa kwa mdomo kupitia tundu la kizibo, polepole, kwani pampu ya gari inaweza kulipasua. Panapotoka mapovu ndipo panapovuja. Shimo la mlingoti nalo hujazwa maji na kuachwa. Maji yakishuka, hakuna haja ya kununua kitu kingine chochote kabla ya kuliziba: upepo wa kwanza wenye nguvu utang'oa mlingoti pamoja na kipande cha sitaha.

Hapo ndipo Kampala inapoonyesha utajiri wake. Mbao ziko Ndeeba, jirani na Nateete ya Mackay. Mvule hauliwi na mchwa na hufaa sana kwa usukani, ila ni adimu siku hizi na bei yake si ya mchezo. Musizi ni mwepesi na rahisi kurandwa, lakini usipofunikwa vizuri kwa rangi na epoksi hautadumu. Plaiwudi isinunuliwe kwa maneno ya muuzaji. Kipande kidogo kichemshwe kwenye sufuria kwa saa kadhaa: kikiachana matabaka, kirudi dukani.

Vyuma ni kazi ya mtaa wa Katwe. Fundi wa pale akipewa bawaba ya usukani iliyobaki, hata kama imepinda, atachonga mwenzake. Asiye na cha kuonyesha akate kwanza mfano wa kadibodi, aujaribu kwenye mashua, ndipo aupeleke. Asisitize chuma kisichoshika kutu. Soko la Kisekka, linalojulikana kwa vipuri vya magari, nalo lina lake: mkanda wa kiti cha gari, ukikatwa na kushonwa vizuri, ni mbadala mzuri wa mkanda ambamo baharia huingiza miguu anapoegemea nje kusawazisha chombo.

Mlingoti wa alumini uliopinda si lazima utupwe. Ule wa Laser una vipande viwili, na cha juu kikianza kupinda karibu na kiungio, wenye uzoefu hukichomoa na kukigeuza, chini kikawa juu. Hapa Mackay angetabasamu.

Pasipofaa ubunifu ni kwenye vyumba vya hewa, vile vinavyoiweka mashua juu ya maji inapopinduka. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama karibu na ufuko wa Mukono, ikiwa kuukuu na imezidisha watu. Zaidi ya 30 walikufa. Ilikuwa chombo kikubwa cha injini, si mashua ya kuchezea, lakini ziwa ni lile lile na upepo wake hubadilika kabla mtu hajamaliza kufunga kamba.

Kwa sababu hiyo tanga hununuliwa mwisho, ingawa ndilo kila mtu hulitamani kwanza. Mashua hushushwa bila tanga, karibu na gati, watu wawili wakiwa wamevaa maboya. Hupinduliwa makusudi, ikalazwa ubavu kwa dakika kumi, ikainuliwa, ikavutwa nchi kavu na vizibo vikafunguliwa. Ikitoka glasi moja ya maji, hilo ni jasho la ndani tu. Ikitoka ndoo, inarudi juu ya magogo, na povu la sabuni linaanza upya.