Lugha ya Eneo ni Ipi Kitengela?

Mjadala wa lugha ya kufundishia huendeshwa nchini Kenya kana kwamba tungali tunangojea sera. Sera ipo. Tume ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo la shule yake katika miaka mitatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike hatamu kuanzia darasa la nne. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, haukulitupa wazo hilo. Kinachokosekana ni jibu la swali dogo: eneo ni lipi, na lugha yake ni ipi?

Kaunti ya Kajiado yatosha kutudhihirishia ugumu huo. Idadi ya wakazi wake ilipanda kutoka 687,312 mwaka 2009 hadi 1,117,840 mwaka 2019. Kitengela, mji ulio kando ya barabara ya Namanga na jirani na viwanda vya Athi River, umepokea watu wa karibu kila kabila. Ukimwamuru mwalimu wa hapo afundishe kwa lugha ya mama, atakuuliza: ya mama yupi? Kwa maoni yangu, lugha ya eneo hapo ni Kiswahili, wala hapana haja ya kutafuta nyingine. Hata hivyo shule nyingi, hasa za watu binafsi, huanza na Kiingereza tangu chekechea, kwa kuwa ndicho mzazi anachokilipia karo.

Ukiupita mji wa Kajiado ukaelekea vijijini, mambo hugeuka. Huko mtoto huingia darasani na Kimaasai kilichokamilika. Ajua kwamba enkiteng ni ng'ombe jike na olkiteng ni dume. Jinsia imo katika kiambishi. Katika sentensi zake kitenzi hutangulia mtenda. Mwalimu asiyeyajua haya huyaona makosa ya mtoto katika Kiingereza kuwa ni uzito wa akili, kumbe mtoto anafuata sarufi, ila si ile iliyo kitabuni.

Wapo wanaodai Kimaasai hakiandikiki. Ni kweli kina irabu tisa ilhali tahajia ya kawaida hutumia herufi tano, na toni haziandikwi. Lakini Kiingereza nacho kina irabu ngapi, na herufi ngapi za kuziandika?

Wengine hututajia Tanzania. Nawakumbusha kwamba ng'ambo ya mpaka wa Namanga mtoto wa Kimaasai husomeshwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali. Hiyo si lugha ya kwao pia, ingawa angalau huisikia sokoni.

Sina ugomvi na Kiingereza, nacho ndicho lugha ya mtihani wa Gredi ya 6 katika takriban masomo yote. Hofu ya wazazi ina msingi. Basi kifundishwe tangu mwanzo kama somo, na mwalimu aliyekisomea barabara. Masomo mengine ya Gredi ya 1 hadi ya 3 yafundishwe kwa Kiswahili Kitengela, na kwa Kimaasai katika vijiji vya Wamaasai. Na Tume ya Kuwaajiri Walimu, kabla ya kumpangia mwalimu madarasa hayo, imuulize anazungumza lugha gani.