Nani Anakula Mashine? Kuchagua Programu ya Kuangalia Mzigo wa Linux

Seva ikikwama, fundi huwa na dakika chache za kuielewa kabla hali haijawa mbaya zaidi. Tovuti haifunguki, simu zimeanza kuita, na kilichobaki mbele yake ni terminali iliyounganishwa kwa SSH, pengine kwa bando la simu. Anaandika amri ya herufi tatu, top, anabonyeza Enter, na mashine inaanza kujieleza: mzigo ni kiasi gani, kumbukumbu imebaki ngapi, mchakato upi unakula kuliko wenzake.

Swali la nani anakula mashine ni la zamani kuliko Linux yenyewe. William LeFebvre aliandika top ya kwanza mwaka 1984 kwa ajili ya Unix ya BSD, miaka saba kabla Linus Torvalds hajatoa kerneli yake. Ile inayokuja na Linux siku hizi ni msimbo mwingine, uliomo katika kifurushi cha procps-ng, lakini umbo halijabadilika: muhtasari juu, orodha ya michakato chini, namba zikijisasisha kila baada ya sekunde 3. Tangu hapo wamezaliwa ndugu wengi. Kuna htop, atop, btop, glances, nmon, bottom na wengine. Anayeanza huchanganyikiwa, na mara nyingi huishia kuchagua iliyo na rangi nzuri zaidi.

Ukweli ni kwamba programu hizi zote huteka maji kisima kimoja. Kerneli ya Linux ina saraka iitwayo /proc, ambayo haikai kwenye diski hata kidogo. Faili zake huandikwa na kerneli papo hapo mtu anapozisoma. Anayetaka kujua hali ya kumbukumbu bila msaada wa programu yoyote ya uangalizi aandike cat /proc/meminfo. Wastani wa mzigo uko kwenye /proc/loadavg, hesabu za prosesa ziko kwenye /proc/stat, na kila mchakato una saraka yake inayoitwa kwa namba yake. Kwa hiyo hakuna siri ya prosesa ambayo htop inaijua na top imefichwa. Zinatofautiana kwa namna zinavyompangia mtazamaji zilichokisoma, kwa kiasi zinachokula zenyewe, na kwa jambo ambalo wengi hawaliulizi kabisa: zinakumbuka nini yakishapita.

Hata asiyeipenda top anapaswa kuijua, maana ndiyo anayoikuta tayari karibu kila seva anayoingia. Vitufe vitano vinatosha kumtoa mtu gizani. Kitufe cha 1 huonyesha kila kiini cha prosesa peke yake. M kubwa hupanga michakato kwa kumbukumbu, P kubwa kwa prosesa. Herufi c huonyesha amri kamili, ili mtu ajue ni hati ipi ya Python inayosumbua kati ya kumi zinazokimbia. W kubwa huhifadhi mpangilio huo kwa siku nyingine. Mchakato ukionyesha asilimia 380 si kosa la hesabu: top huhesabu kila kiini kuwa asilimia 100, hivyo programu inayotumia viini vinne kwa nguvu inaweza kukaribia 400.

Hisham Muhammad wa Brazil alianza kuandika htop mwaka 2004, na mwaka 2020 jamii ya wachangiaji ikaipokea kazi hiyo na kutoa toleo la 3.0. Kwa matumizi ya kila siku ndiyo yenye urari mzuri kuliko zote. Ni nyepesi, imeandikwa kwa C, na inapatikana katika hazina za karibu kila toleo la Linux. F4 huchuja orodha, F5 huonyesha nani kamzaa nani, F6 hupanga, na F9 huutumia mchakato ishara ya kufunga. Hapo kwenye F9 inafaa kutulia. Ishara inayopendekezwa kwanza ni namba 15, inayouomba mchakato ufunge kazi zake kwa utaratibu. Namba 9 huukata bila kuupa nafasi ya kuhifadhi chochote. Kanzidata iliyokatwa kwa 9 katikati ya kuandika italazimika kujitengeneza upya ikiwashwa tena, na kwa kanzidata kubwa kazi hiyo inaweza kuchukua muda mrefu.

Kuna mtego mmoja wa htop unaowatisha wageni. Wakiifungua wanaona kivinjari au kanzidata imejitokeza mara thelathini, kila mstari ukidai kumbukumbu ileile. Wengine hujumlisha na kupata GB nyingi kuliko RAM waliyonunua. Mingi ya mistari hiyo ni nyuzi za mchakato mmoja, na zote zinatumia kwa pamoja kumbukumbu hiyo hiyo. H kubwa huzificha.

Makosa ya kusoma namba yana gharama kubwa kuliko makosa ya kuchagua programu, na inayosomwa vibaya kuliko zote ni wastani wa mzigo, zile namba tatu za dakika 1, 5 na 15. Wanafunzi hufundishwa kuzilinganisha na idadi ya viini: mashine ya viini 4 yenye mzigo wa 4 imejaa, yenye 8 imezidiwa. Linux ina jambo la ziada. Tangu badiliko lililopendekezwa na Matthias Urlichs mwaka 1993, kerneli huhesabu pia michakato iliyo katika usingizi usiokatizwa, ambayo kwa kawaida inasubiri diski au faili zilizo mbali kwenye mtandao. Michakato hiyo huonekana kwa herufi D katika safu ya hali. Ndiyo maana mashine ya viini 4 inaweza kuonyesha mzigo wa 30 huku prosesa yake imekaa karibu bure. Anayelipia prosesa kubwa zaidi katika hali hiyo anatupa fedha, kwa sababu ugonjwa uko kwenye diski inayokaribia kufa au hifadhi ya NFS isiyojibu. Aangalie asilimia iliyoandikwa wa katika muhtasari wa top, ambayo ni muda ambao prosesa imekaa bila kazi ikisubiri diski, kisha ahesabu zile D.

Kuanzia Linux 4.20 ya Desemba 2018 kuna kipimo kinacholijibu swali hili vizuri zaidi. Kinaitwa PSI, na kiliandikwa na Johannes Weiner akiwa Facebook. Badala ya kuhesabu walio kwenye foleni, PSI hupima ni asilimia ngapi ya muda ambapo kazi zimekwama kwa kukosa prosesa, kumbukumbu au diski, kila kimoja na hesabu yake, katika saraka ya /proc/pressure. Toleo jipya la htop linaweza kuonyesha vipimo hivi mtumiaji akiviongeza kupitia F2, nayo atop huvionyesha pia. Inashangaza jinsi vinavyotumika kwa nadra, ilhali vinamwambia fundi moja kwa moja kama watumiaji wake wanaumia.

Kumbukumbu nayo ina hofu yake ya bure. Seva ya GB 8 imekaa wiki nzima, mtu anaandika free na kukuta MB 300 tu ndizo zisizotumika. Hiyo si dalili ya hatari. Linux hutumia RAM iliyo wazi kutunza nakala za faili zilizosomwa karibuni, na huiachia mara programu inapoihitaji. Namba ya kutazama ni ile ya safu ya available, ambayo kerneli imekuwa ikiikadiria yenyewe tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014. Ikiwa hiyo nayo imekauka, na eneo la diski linalotumika kama kumbukumbu ya akiba linasomwa na kuandikwa bila kukoma, hapo kweli pana tatizo.

Kwa wanaokodi seva ndogo kwenye kampuni za mbali, muhtasari wa top una herufi mbili zinazostahili kuangaliwa kabla ya kulaumu programu yao: st. Hiyo ni asilimia ya muda ambao seva ilitaka prosesa na haikupewa, kwa sababu mashine halisi iliyo chini yake ilikuwa ikiwahudumia wapangaji wengine. Ikikaa juu kwa muda mrefu, hakuna marekebisho ya msimbo yatakayosaidia. Mteja adai kuhamishwa au ahame.

Upande wa uzuri, btop haina mpinzani wa karibu, na historia yake ina funzo la kiufundi. Jakob P. Liljenberg alianza mwaka 2020 na bashtop, iliyoandikwa kwa Bash tupu. Ilipendeza macho, lakini lugha ya Bash si nyepesi kwa kazi ya kuchora na kuhesabu mfululizo, na kipima mzigo kikawa chenyewe sehemu ya mzigo. Akaiandika upya kwa Python kwa jina la bpytop, kisha mwaka 2021 akaiandika tena kwa C++, na matokeo yake ndiyo btop ya leo: grafu za prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao kwenye ukurasa mmoja, kipanya kinafanya kazi, na matoleo ya karibuni yanaonyesha hadi GPU. Kwenye kompyuta ya mtu binafsi ni raha tupu. Kwenye SSH ya mtandao dhaifu, grafu zinazochorwa upya kila sekunde 2 hupitisha data nyingi kuliko orodha tulivu ya top, na wakati mwingine vitufe huchelewa kuitika. Hapo ni heri htop -d 50, inayojisasisha kila sekunde 5.

Glances, ya Nicolas Hennion wa Ufaransa, imeandikwa kwa Python na hula zaidi ya htop. Faida yake ni kwamba ikiwashwa kwa glances -w, takwimu zinaonekana kwenye kivinjari kupitia mlango wa 61208. Mlango huo usiachwe wazi kwa dunia nzima bila nywila.

Anayetumia makontena ya Docker ajue kwamba htop iliyofunguliwa ndani ya kontena kwa kawaida huonyesha prosesa na kumbukumbu ya mashine nzima, si mipaka aliyowekewa. Jibu sahihi litatoka nje ya kontena, kwa docker stats au systemd-cgtop. Naye anayejifunza Linux kwenye simu ya Android kupitia Termux asidhani ameharibu kitu akikuta mistari ya prosesa ya htop haisogei: tangu Android 8, programu za kawaida zimezuiwa kusoma /proc/stat.

Programu zilizoelezwa hadi hapa zina upungufu mmoja mkubwa: huonyesha sasa hivi tu. Chukulia tovuti ya shule inayokufa usiku wa manane. Saa nane usiku kazi ya kunakili data imeanza, kanzidata imevimba, RAM imekwisha, na kerneli imeua mchakato mkubwa kuliko yote ili mfumo usianguke. Asubuhi msimamizi anaingia, anafungua htop, na kila kitu ni shwari. Amri ya dmesg inaweza kumwambia nani aliuawa. Haitamwambia nani alikuwa akijaza chumba saa nzima kabla ya hapo.

Kwa swali hilo iliandikwa atop, kazi ya Gerlof Langeveld wa Uholanzi. Mbali na kuonyesha hali ya sasa, ina huduma inayokimbia nyuma ya pazia na kuandika picha kamili ya mfumo, mchakato kwa mchakato, kwenye saraka ya /var/log/atop. Msimamizi wa ile shule angeandika atop -r -b 02:00, kwa kuwa saa ya mashine huita saa nane usiku 02:00, akaiona seva kama ilivyokuwa wakati ule. Herufi t humpeleka mbele, T kubwa humrudisha nyuma. Vilivyozidiwa huwekewa rangi nyekundu. Uhasibu wa michakato ukiwa umewashwa kwenye kerneli, atop huonyesha hata michakato iliyozaliwa na kufa kati ya picha mbili, aina ambayo top huikosa daima.

Atop haikosi dosari. Skrini yake imebanana na inahitaji kuzoewa. Mwaka 2025 liligunduliwa pia kosa la usalama lililosajiliwa kama CVE-2025-31160, ambalo lilimwezesha mtumiaji mwingine wa mashine hiyo kuiangusha atop. Toleo la 2.11.1 lililirekebisha. Kwa programu inayokimbia muda wote kwa mamlaka ya root, kusasisha si jambo la hiari.

Basi chaguo liwe hivi: top ijulikane, htop itumike kila siku, btop ikae kwenye kompyuta ya nyumbani kwa anayeipenda, na atop iwekwe kwenye kila seva yenye watu wanaoitegemea. Kwenye Debian na Ubuntu ni sudo apt install atop, na huduma huanza yenyewe. Kawaida yake ni picha moja kila sekunde 600, muda mrefu mno kwa tatizo la dakika tatu. Kwenye faili la /etc/default/atop, thamani ya LOGINTERVAL ishushwe hadi 60, huduma iwashwe upya, na nafasi ya diski iangaliwe. Ifanyike leo, seva ikiwa nzima, kwa sababu atop haiwezi kusimulia usiku ambao haikuwepo.